Tafakuri ya Kuazima

Jamani, leo nimeaibika kweupe. Mbele ya darasa la nne zima!

Mnajua niko huku Haneti kwenye mazoezi ya kufundisha. Leo ilikuwa zamu yangu kukaguliwa na mkufunzi wetu wa chuo. Akiona sijaiva, narudia mazoezi mwakani. (Na nyumbani walishaanza kuniita mwalimu. Hata mbuzi wanajua.)

Kufundisha sikuogopi. Ninachoogopa ni tafakuri. Kipindi kikiisha, mkufunzi anataka umwambie mwenyewe nini kimekwenda vizuri, nini kimeharibika na utarekebishaje. Mimi kujisema hadharani siwezi! Basi jana Devota, mwenzangu niliyepanga naye chumba, alipomaliza kukaguliwa nikamwomba tafakuri yake. Akanipa kwa moyo mweupe. Nikaikariri huku nasonga ugali, nikaikariri huku napiga mswaki. Ikakaa.

Asubuhi mkufunzi akashuka kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Tuanze."

Somo lilikuwa vivuli. Nikawatoa watoto nje, nikasimika fimbo katikati ya uwanja, tukaizunguka kwa duara. Tukaweka jiwe pale kivuli kilipoishia. Tukaimba, tukajibu maswali, tukarudi kutazama. Kivuli kimeliacha jiwe! Watoto wakapiga kelele mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Mkufunzi mwenyewe akainuka kwenye kiti kuja kuona. Nikajua hapa nimepasua.

"Safi sana," akasema. "Haya mwalimu, nipe tafakuri yako."

Watoto bado wamesimama pale pale. Nikakohoa, nikaweka mikono nyuma, nikaimwaga bila kupumua:

"Somo limekwenda vizuri, isipokuwa wanafunzi wa madawati ya nyuma hawakuona ubaoni. Wakati ujao nitaandika kwa herufi kubwa."

Mkufunzi akaangaza uwanja mzima.

"Ubao upi, mwalimu?"

Nikageuka kuuonyesha. (Naapa, mkono ulishanyooka!) Ukawa unaelekea choo cha walimu. Watoto wote wakageuka kuutafuta ubao chooni. Nyemo, binti mpole kuliko wote darasani, akauliza, "Mwalimu, wa nyuma ni nani? Si tulikuwa duara?"

Mkufunzi akashika kiuno. "Jana Mwalimu Devota aliniambia maneno haya haya. Ila yeye alikuwa na ubao!"

Alicheka mpaka akavua miwani. Watoto nao wakacheka kwa kuwa mkubwa kacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Alipotulia akasema taratibu, "Sahau ulichokariri. Wewe mwenyewe umeona nini?"

Nikasema ukweli. Nilipouliza kivuli cha saa sita kitakuwaje, Nyemo alikuwa ameshafungua mdomo. Mimi kwa haraka zangu za kukaguliwa nikamjibia. Nilimwona akiufunga, na iliniuma.

"Hiyo sasa ndiyo tafakuri," akasema. "Umefaulu."

Nikamwuliza Nyemo swali jingine, nikanyamaza. Nikasubiri, nikasubiri. Akajibu, tena kwa sauti! Nina furaha mpaka chakula cha mchana kimenishinda.

Mnaokaguliwa kesho, chekeni kimyakimya. Na msiniombe ya kwangu, mkufunzi ameshaijua.