Bima ya Kitanda na Chandarua

Kitanda cha kamba cha Bi Chausiku kilipokatika chini ya mtaalamu wa samaki aliyetoka Ulaya, Bagamoyo nzima ilicheka mpaka ikaona haya. Mtaalamu wa watu alikuja kutazama magofu ya Kaole, akapanga chumba kwa siku mbili, akaondoka na kiuno kilichoteguka na kamera iliyopasuka kioo. Bi Chausiku akauza mbuzi wawili kumlipa kamera. Mtu mmoja tu hakucheka. Sadallah, aliyekuwa sokoni na kikombe chake cha tatu cha kahawa, alikisikiliza kisa kile kwa adabu kubwa, kama mtu anayesomewa urithi.

Mwaka ule wa sabini na mbili, kila mwenye chumba cha ziada mjini alikuwa akipangisha wageni wa Jumamosi na Jumapili kutoka Dar es Salaam. Sadallah akaona watu wenye vyumba, wenye vijisenti vya wageni na, tangu juzi, wenye hofu. Ingekuwa dhambi kuwaacha hivi hivi.

Kufikia Jumatatu alikuwa Wakala Mkuu wa Bima, Kanda ya Pwani. Cheo alijipa mwenyewe, baada ya kutafakari na kuona hakuna mwingine anayestahili. Muhuri aliuchonga kwenye soli ya kandambili, fomu akazikata kwenye daftari la shule. Akapanga chumba kwa Bi Mwanamkasi, mjane mwenye nyumba kubwa karibu na Boma, kwa makubaliano ya kulipa siku ya kuondoka. Kisha akaanza kuwatumikia wananchi.

Bima zake zilikuwa tatu. Bima ya Mkeka, shilingi kumi kwa chumba, ililipa mgeni akiumia. Bima ya Kitanda, ishirini, ililipa mgeni akiumia au akivunja kitu. Na Bima ya Kitanda na Chandarua, arobaini, ililipa kila balaa ambalo mgeni angeweza kulileta duniani.

Bi Chausiku alichukua ya Chandarua, machozi yakimlengalenga kwa kukumbuka mbuzi wake. Sadallah alimwonea huruma kwelikweli, kwa muda wote aliokuwa akihesabu noti.

Mzee Msabaha, fundi cherehani mstaafu, yeye hakulia.

"Ukuta wangu wa nyuma umeinama," alisema kwa sauti ya chini. "Mgeni akiuegemea ukaanguka, mnajenga mpya?"

"Wa matofali, mzee."

"Na paa likifuata?"

"La bati. Una wageni wangapi kwa sasa?"

"Sina hata mmoja," alisema Mzee Msabaha, akihesabu shilingi arobaini. "Lakini nitatafuta mnene."

Kufikia Jumatano mkoba wa Sadallah ulikuwa na shilingi mia sita na themanini. Kwa mia nane kamili, binamu yake wa Kariakoo angemwingiza ubia katika teksi, naye angeacha maisha haya ya kukimbia mji hadi mji na kuwa mtu anayepungiwa mkono barabarani. Aliitamani teksi ile kiasi cha kuisikia ikinguruma. Zilipungua mia na ishirini tu, na Bi Mwanamkasi alikuwa na vyumba vitatu. Mtu mwenye akili angepanda basi siku ile ile. Sadallah alikuwa na akili zaidi ya hapo, kwa hiyo akabaki.

Alimkuta mwenye nyumba uani, akichambua mchele kwenye ungo mkubwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, baba. Kaa. Hiyo bima yako, mbona nasikia mambo ya bima siku hizi ni ya serikali?"

"Hasa! Na serikali si ndiyo sisi wananchi?"

"Ofisi yenu iko wapi?"

"Inajengwa."

"Nani ameshalipwa?"

"Hakuna, Bi Mkubwa, na hiyo ndiyo sifa yetu. Tangu tuanze, hakuna mteja aliyepatwa na janga."

"Mmeanza lini?"

"Jumatatu."

Bi Mwanamkasi alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Na mgeni akiondoka bila kulipa chumba?"

"Chandarua inalipa. Tena siku hiyo hiyo."

"Vizuri. Nalinganisha tu, maana ninayo nyingine."

"Kampuni gani?" Sadallah alishtuka. Hakupenda ushindani usio wa haki.

"Halbadiri. Mwaka juzi mgeni mmoja aliniibia saa ya ukutani. Tukakaa, tukamsomea. Siku ya tatu akarudi kutoka Tanga kwa miguu, saa kaibeba kichwani, tumbo limevimba kama ngoma. Alilia hapo hapo ulipokaa."

Sadallah alisogea kidogo. Alitoroka madrasa wiki ya pili, kwa sababu ya bakora, na katika dini alibaki na yale tu yanayotisha. Herufi za Kiarabu hakujua hata tatu, lakini kwamba halbadiri husomewa wezi na madhalimu, na kwamba huanzia tumboni, hilo alilijua vizuri.

"Nitachukua ya Chandarua, vyumba vyote vitatu," alisema Bi Mwanamkasi. "Andika, gonga muhuri wako. Pesa utazipata kesho adhuhuri. Nina kisomo hapa nyumbani, nawe ni mgeni wetu, utakula."

"Kisomo cha nini, Bi Mkubwa?"

"Cha mambo yangu, baba."

Kesho yake watu kama ishirini walikaa jamvini, kila mmoja na kitabu chake, wakisoma kwa pamoja kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemtazama Sadallah, na hilo lilimtisha kuliko kama wangemtazama. Bi Mwanamkasi alitokea mlangoni, akatia noti zake mkobani mbele ya watu.

"Sasa mkoba uweke hapo katikati, karibu na chetezo," alisema. "Ni pesa za majirani zangu hizo. Nazo zipate kisomo."

"Aaa, Bi Mkubwa, hakuna haja..."

"Weka, kijana," alisema Mzee Msabaha, aliyekuwa akiwaza ukuta wake wa matofali. "Pesa halali inaogopa nini?"

Akaweka. Moshi wa ubani ukauzunguka mkoba. Sadallah akahisi kitu kinajipinda chini ya kitovu.

Ilipoletwa pilau, alikula sahani tatu. Wako wanaokosa hamu wakiogopa. Yeye hofu humtia njaa. Sahani ya tatu ilipokwisha, tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, na neno hilo ngoma lilipomjia akilini alivua koti, akalitundika msumarini, akakimbilia chooni. Alirudi, akakaa, akakimbia tena. Mara ya tatu alimkuta Bi Mwanamkasi akimsubiri uani.

"Linauma upande gani, mwanangu?"

"Pande zote, mama."

"Hee! Yule wa saa naye alianza hivyo hivyo."

Sadallah alipiga magoti. Teksi yake aliiona ikikata kona na kupotea. "Mama, mkoba ubaki hapa. Kila mtu arudishiwe chake. Makao makuu yamefuta kanda ya pwani."

"Yamekwambia saa ngapi, nawe unashinda chooni?"

"Mama, nihurumie. Waambie waache kusoma!"

"Wamekwishamaliza, baba. Chukua na kifurushi cha pilau, njia ni ndefu."

Basi la saa kumi lilimkuta barabarani. Ajabu ni kwamba walipofika Zinga tumbo lilikuwa limetulia. Jirani yake kitini alikuwa Bwanausi, mkulima wa Mapinga, naye pia na kifurushi cha pilau mapajani.

"Si wewe uliyekuwa kisomoni kwa shemeji yangu?" alisema Bwanausi. "Khitma ya mwaka huu imefana. Kaka yangu huko aliko amefurahi."

"Khitma?" Sadallah aligeuka taratibu. "Haikuwa halbadiri?"

"Halbadiri! Ya nani? Khitma ya marehemu mumewe, tunasoma kila mwaka. Hujui khitma, wewe?"

"Na yule mwizi wa saa ya ukutani?"

"Saa gani? Nyumba ile haijapata kuwa na saa tangu ijengwe."

Sadallah akahisi uchungu mkali, safari hii juu ya tumbo, kwenye moyo. Alifungua kifurushi ili ajifariji. Juu ya pilau ilikuwapo karatasi ya daftari yenye muhuri wa kandambili, na nyuma yake maandishi ya herufi za Kiarabu. Akampa Bwanausi amsomee.

"Anasema hivi: 'Mgeni aliondoka bila kulipa chumba, siku tatu. Kampuni imelipa siku hiyo hiyo, kwa koti la wakala aliloliacha msumarini. Mimi Mwanamkasi nimeridhika.'"

Sadallah alijipapasa mabegani. Kweli, hakuwa na koti.

Bwanausi aliigeuza karatasi, akautazama muhuri kwa heshima. "Hii ndiyo kampuni sasa! Mimi nina vyumba viwili pale Mapinga. Huyu wakala anapatikana wapi?"

"Ameacha kazi," alisema Sadallah, akichota pilau. "Tumbo linamsumbua."