Yah: Daraja Langu Katika Mpira wa Vinyoya

Ndugu Katibu wa Kamati ya Michezo,

Pokea heshima zangu. Mimi ni karani wa masjala, yule kijana wa meza ya mwisho, karibu na kabati la majalada yaliyofungwa. Huenda hunifahamu, na hadi mwezi uliopita nilishukuru kwa hilo.

Naandika kulalamikia mashindano ya mpira wa vinyoya ya Jumamosi hii, ambamo nimepangwa kufungua dimba dhidi ya Mkuu wa Utawala, bingwa wetu wa miaka minne. Yeye ndiye pia atakayetia saini, Jumatatu inayofuata, barua ya kunithibitisha kazini au ya kunirudisha moja kwa moja kwenye kochi la shangazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fomu yenu ina kasoro. Iliuliza "Daraja", ikaweka nukta mbili, basi. Mtu aliyesoma akiulizwa daraja hutaja alilopata kwenye mtihani wa mwisho. Nikaandika "La Kwanza", tena nikapigia mstari. Ningejuaje kwamba mnauliza ustadi wa kucheza? Kwenye ustadi huo sina hata daraja la kuvukia mtaro.

2. Si kwamba sikujitahidi. Kwa wiki tano, kila mchana, mlinzi wa lango, ambaye ujanani alikuwa mchezaji, amenifundisha nyuma ya ofisi. Wavu wetu ni shuka kuukuu juu ya kamba ya kuanikia. Siku ya kwanza kinyoya kilinipita mara kumi na tisa. Mara ya ishirini kilinihurumia, kikatua puani. "Kijana, hiyo ni raketi, si muhuri!" mlinzi akapiga kelele. "Mbona unagonga chini? Kuna barua hapo?" Tangu siku hiyo wafagizi wananiita Bwana Muhuri, na wakinipisha mlangoni hupiga saluti.

3. Nyumbani nako hakuna nafuu. Nilikuwa nafanya mazoezi sebuleni mbele ya kioo cha kabati. Sasa nafanya mbele ya kabati. Shangazi, aliyenilea na asiyejua kubembeleza, aliniangalia akasema, "Mwanangu, manyoya matupu yanakutoa jasho hivi, je, angekuja kuku mzima?" Hata hivyo amewaalika majirani wote Jumamosi, na ameshashona gauni.

4. Nikishindwa vibaya, Mkuu ataamini nilidanganya kwenye fomu rasmi, na karani mwongo hathibitishwi. Nikishinda, nitakuwa nimemwaibisha mwenye kalamu. (Hili la pili nimelitaja kwa ukamilifu tu. Mlinzi alipolisikia alicheka hadi akakaa chini.)

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mchezo wetu uchezwe kwa maandishi. Mkuu ataniandikia amekipiga kinyoya upande gani, kwa nakala tatu. Nami nitajibu ndani ya siku saba za kazi, nikieleza nilivyokirudisha. Kinyoya chenyewe kitatunzwa kwenye jalada ili kisichafuke. Barua itakayochelewa itahesabiwa imegusa wavu. Kwa mwendo wa ofisi yetu, seti ya kwanza itamalizika siku nitakayostaafu, na kwa kuwa mtu hawezi kustaafu bila kwanza kuthibitishwa, suala langu la ajira litakuwa limejimaliza lenyewe.

Wasalimie wajumbe wote wa kamati, mchora mistari ya uwanja, na yule mama wa mapokezi aliyejitolea kuhesabu pointi. Mwambie zangu hazitamchosha. Nawatakia mashindano mema, bila mimi.

Wako mtiifu, mwenye malengelenge kiganjani,
Karani wa Masjala

Tanbihi: Ndugu Katibu, kwa utaratibu wetu malalamiko yote hupitia masjala kwanza, na karani huyakataa yasiyo na msingi. Karani ni mimi. Barua hii imenifikia mezani leo saa nne asubuhi. Nimeisoma mara mbili. Mwandishi ana mwandiko mzuri, lakini ni mwoga, na fomu aliijaza kwa mkono wake mwenyewe. Basi nimechukua muhuri wa "IMEKATALIWA" nikaugonga, kikombe cha chai kikaruka. Mlinzi, aliyekuwa ameleta barua za langoni, akashtuka: "Hilo! Hilo ndilo pigo! Mkono huohuo, ila juu ya kichwa!" Tumetoka nje dakika tano. Kinyoya kimevuka shuka, kikampita na mlinzi, kikagonga lango. Ni mara moja tu kati ya kumi na moja, lakini lango limelia, na wafagizi wamesikia.

Jumamosi nitakuwepo. Nakala hii ni ya jalada lako tu. Naomba jambo moja: kwenye fomu yangu, mbele ya neno Daraja, futa "La Kwanza", uandike "Yuko kwenye majaribio".