Sentensi ya Sefo ya Jumapili Nyeupe

Jumatatu, 2 Oktoba

Mchungaji ametangaza jambo jipya. Jumapili Nyeupe ya mwaka huu, sikukuu yetu ya watoto kanisani, watoto wadogo hawakariri mistari. Kila mmoja atasimama mbele na kutaja jambo moja la nyumbani kwao analomshukuru Mungu kwalo. Kwa maneno yake mwenyewe! Kanisa zima likisikiliza.

Mchungaji ni mtu wa Mungu, simsemi. Ila wanawe walishakua. Amesahau.

Fetu wangu ana miaka saba, yuko na wakubwa, atasema zaburi yake atashuka. Shida ni Sefo, miaka minne. Nilimzaa nikiwa na miaka arobaini na mbili. Watu wakasema ni muujiza, nikasema amina, na tangu siku hiyo muujiza haujanyamaza. Leo namwosha miguu nikamuuliza atamshukuru Mungu kwa lipi. Akafikiri. Akasema anayo mengi. Nikamwambia ataje moja tu. Akacheka, akasema ni siri.

Siri. Kwangu mimi niliyemzaa.

Nimekaa nikakumbuka wiki iliyopita tu. Nilimfukuza nguruwe na ufagio huku nikimwita kwa jina la mjomba wa mume wangu. Nilimwambia Aleki, mume wangu, kwamba hata pweza ana akili kumshinda. Sefo alikuwepo mara zote mbili, ametulia, anatazama. Akiyatoa hayo madhabahuni nitaketije tena kwenye benchi la akina mama?

Jioni wifi yangu Fuatino, dada wa Aleki, kaniuliza kama Sefo yuko tayari. Kwa upole. Tunakaa uwanja mmoja, nyumba zetu nguzo na paa tu, hazina kuta, kwa hiyo namfahamu wifi huyu. Upole wake una kitu ndani. Penina wake ana miaka mitano na anaongea kama shemasi.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimemtungia Sefo sentensi. "Namshukuru Mungu kwa wazazi wacha Mungu na nyumba yenye amani na utulivu." Nzuri mno. Niliisoma mara kadhaa nikaanza kuiamini.

Nikakaanga panikeke, yale maandazi ya ndizi, kila neno akilipatia anapata moja. Alikula mpaka kijasho kikamtoka, akafuta midomo, akasema anamshukuru Mungu kwa panikeke.

Aleki alicheka hadi akaenda kulisha nguruwe kabla ya saa yao. Aliporudi akaniambia, mama Fetu, si umwache mtoto aseme lake? Nikamuuliza dada yake amemlisha nini. Akasema hajalishwa kitu, na panikeke zimebaki ngapi.

Nitampa Sefo mazoezi kila jioni, kwa sauti kubwa, yamwingie.

Jumatano, 4 Oktoba

Kuna jambo. Watoto wangu na Penina wamejikunyata nyuma ya jiko la Fuatino, vichwa pamoja. Nikitokea, kimya. Penina kanipa shikamoo ndefu isiyo na sababu. Fetu kasema hawafanyi kitu. Nami sikuwa nimeuliza.

Mchana Fuatino akaleta bakuli la wali wa kakao. Si siku ya kuzaliwa ya mtu. Nikaunusa. Nikamwonjesha Aleki kwanza. Aleki hakufa, ila alimaliza bakuli, kwa hiyo sina ushahidi.

Jua lilipoinama nikajibanza kwenye lundo la maganda ya nazi nyuma ya jiko lile nisikie wanachopanga. Nilisikia neno "mama". Nikasikia kicheko. Nikasogea kidogo, na hapo hapo kombe la baharini likapulizwa kuita sala.

Ee Bwana. Nilisahau saa ya sala. Watoto wakatawanyika, kila mmoja kwao. Kombe likishalia, hakuna anayetembea katika kijiji hiki mpaka sala iishe, na vijana wa machifu wamesimama barabarani na fimbo zao, wanauona uwanja wetu wote. Mwanamke mzima, mwalimu wa shule ya Jumapili zamani kidogo, kukamatwa akitoka kwenye maganda! Nikabaki. Nguruwe jike wa Fuatino akaja akaninusa sikio, akalala karibu.

Kwangu wakaanza wimbo bila mimi. Aleki sauti yake kama mlango. Kisha Sefo akaomba, na mtoto huyu akiomba hanong'oni. Alimshukuru Mungu kwa shelisheli, akamwomba amlinde mama, yuko na nguruwe wa shangazi.

Kutoka nyumba ya Fuatino ikaja "amina". Kisha akaanzisha wimbo mwingine. Beti zote. Wimbo ule hata kwenye mazishi hatumalizi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Fuatino amenisalimu vizuri, akanitoa uzi wa nazi kwenye nywele, akasema, "Wifi, umelala vibaya?" Hakuuliza kingine. Asiyeuliza anajua.

Mazoezi jioni. Leo Sefo aliisema sentensi yote bila kukosea! Wazazi wacha Mungu, amani, utulivu, yote. Nilimkumbatia akalalamika kwamba namkaba. Penina alikuwa amesimama kule kwenye mshelisheli, midomo inamchezacheza. Nikadhani anasali. Nikamsifu moyoni, kwamba hata nyumba ile inaweza kutoa mcha Mungu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Siku imepotea bure.

Mvua ilishuka ghafla, ile ya ndoo. Nilikuwa nimemkalisha Sefo mkekani kwa mazoezi. Kugeuka tu, shati hili hapa, suruali ile pale, yeye yuko chini ya mlizamu wa paa kama alivyozaliwa. Fetu naye akafuata na gauni lake. Penina akaja mbio kutoka kwao. Nikatoka na sabuni mkononi kuwarudisha, maana kama ni kulowa basi na waoge, maji ya bure hayo. Nikawafokea. Wakadhani ni mchezo. Nikamkimbilia Sefo, sabuni ikanitoka, nikaikanyaga.

Nilikwenda kwa mgongo kutoka mlizamu mpaka mizizi ya mshelisheli. Kuku walipisha.

Watoto wakanitazama nitafanya nini. Mimi mwenyewe sikujua. Kisha Sefo kaja na tope lake, akaketi juu ya tumbo langu, akaniuliza kama naweza kurudia.

Nilicheka. Naandika ukweli kwa sababu Mungu anaona. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha tukarudia, mara nne hivi, na Fetu akanishinda. Aleki kutoka ndani akauliza kama nimepagawa.

Mazoezi hayakufanyika. Sefo alilala mapema, usingizi wa kuridhika. Namtilia shaka.

Jumamosi, 7 Oktoba

Fuatino kaomba ashone upindo wa shati jeupe la Sefo, kwa kuwa ana cherehani nami nina sindano. Akalirudisha limenyooka, limepigwa pasi. Nikakaa nikalitazama. Kwa nini mtu ashonee mtoto wa mwenzake shati siku moja kabla ya wote kusimama mbele?

Nikaufumua upindo nione ameweka nini.

Hakuweka kitu. Nikaushona tena kwa mkono. Umepanda upande mmoja kama paa lililopigwa na tufani. Sefo kalivaa, kajitazama, akasema linamkumbatia.

Aleki kaniuliza upindo ule umefanyaje. Nikasema ni mtindo.

Jumapili, 8 Oktoba

Kanisa jeupe lote, watoto wana mashada ya maua, vipepeo hawatuwezi. Nilikaa mbele niweze kumwongoza Sefo kwa midomo. Moyo unaruka kama samaki ndani ya mtumbwi.

Akatangulia Penina. Akainamisha kichwa, akafumba mikono, akasema anamshukuru Mungu kwa wazazi wacha Mungu na nyumba yenye amani na utulivu.

Yangu! Neno kwa neno! Watu wakasema amina, ile ya kawaida, ya heshima. Nikamgeukia Fuatino. Alikuwa ameshika mdomo, eti na yeye kashangaa. Angekuwa na kazi kwenye maigizo.

Kisha Sefo. Nikamtengenezea midomo: na-m-shu-ku-ru. Hakutazama midomo. Alinitazama mimi. Shati limepanda upande. Nje mtu akakohoa. Nikamwambia Mungu: chochote, ila si nguruwe.

Akasema, "Asante Mungu kwa mvua. Mama anaanguka na sabuni. Tunacheka. Na yeye anacheka."

Akafikiri. "Halafu anarudia."

Kanisa likaanguka. Shemasi mzee aliinamia kiti cha mbele mabega yakitikisika. Mke wa mchungaji alifuta macho na ukingo wa kofia. Mchungaji akaacha hotuba aliyoandika, akasema kuhusu mvua, kwamba inanyesha juu ya kila paa, na ni wangapi kati yetu tuliotoka nje. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Kuna kitu kiliniingia macho yote mawili. Yale maua ya mashada yana vumbi baya.

Nyumbani nikampakulia Sefo, leo watoto ndio wanaokula kwanza na sisi ndio tunaowahudumia. Nguruwe, magimbi, na aiskrimu. Nilitaka kumuuliza ni nani aliyempa maneno yale, lakini leo mtoto hakemewi. Nikauliza kwa tabasamu, meno yakiuma. Akasema hakupewa. Akaniomba nimwongeze aiskrimu. Nikamwongeza.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mapumziko. Kijiji kizima kinaniita Mama Sabuni. Mwanamume mmoja kapita na baiskeli, akaniuliza kama leo tunaanguka saa ngapi.

Fetu kaeleza. Kule nyuma ya jiko walikuwa wanamsaidia Sefo kuchagua, maana aliyo nayo yalikuwa mengi: mama akimfukuza nguruwe, mama akiimba akidhani yuko peke yake, baba na pweza. Ijumaa ilipopita akaacha yote. Penina kwa upande wake hakuwa na lake, na ile sentensi alikuwa anaisikia kila jioni, na Sefo akamwambia aichukue, yeye haihitaji.

Fuatino naye kaja kuomba radhi. Kaleta wali wa kakao. Akakaa, akasema polepole kwamba Penina alipoulizwa jambo la nyumbani kwao alisema hajui, na neno lile limemkaa yeye mama yake moyoni. Akaniuliza kama mvua ikija tena mtoto anaweza kuja kwetu. Na yeye pia, kama si vibaya.

Nikamwambia karibu, wifi. Nikampakulia kwanza yeye. Hakika aliula.

Sasa nimekaa naunganisha. Siku ile ya mvua, nani alimtuma Penina akaja mbio? Sabuni ile ilinunuliwa na nani? Na mtu anayeomba aingie kwenye mvua yetu, anataka nini mwaka ujao, kama si maneno? Hawanipati tena. Mwaka ujao nitaandika sentensi mbili, moja ya kuibiwa.

Naona kumeanza kunyesha. Watoto wameshatoka, wote watatu, na Fuatino amesimama chini ya mlizamu wangu na gauni lake zuri.

Naenda kuona wanapanga nini. Sabuni nimechukua, ili wasinishuku.