Bahasha Arobaini za Dada

Jumatatu, 3 Machi
Hakuna kichwa kama changu kiwanda kizima cha sabuni, na cha meneja nimekihesabu. Shule niliiacha kidato cha pili, ilikuwa inanichelewesha. Dada yangu ndiye bado anakomaa nayo: shahada ya uzamili, saikolojia ya kazi. Anachunguza kwa nini watu huipenda kazi au huikimbia. Si angeniuliza mimi tu! Madodoso yake arobaini yakifika kwa mhadhiri Ijumaa, anahitimu. Yasipofika, anangoja mwaka mzima. Kanipa niyagawe kwetu, kitengo cha kufungasha. Mtu anajaza bila jina, anaifunga bahasha mwenyewe. Kaniapisha nisifungue hata moja. Nikaapa. Kwa kuapa sina mpinzani.

Jumanne, 4 Machi
Watu wagumu kama sabuni ya mche! Mama wa Mizani, mpimaji wa katoni, kauliza kama meneja atasoma. Nikamwambia siri hii ni ya kaburini. Fundi wa mashine kadai hajui kuandika. Nikajitolea kumwandikia. Ghafla akajua.

Jumatano, 5 Machi
Zote arobaini mkononi! Ila swali la tisa linauliza ni nani anayeifanya kazi yako iwe nyepesi. Ni mimi, nani mwingine? Nilitaka kuhakikisha tu. Mvuke wa birika, gundi ikalegea. Ya kwanza haikunitaja. Nikafungua ya pili. Mpaka ya arobaini, simo. Nimo swali la kumi: nani anaifanya iwe nzito. Mara kumi na moja! Nimezibandika upya kwa gundi ya lebo. Mtaalamu haachi alama.

Alhamisi, 6 Machi
Nilinyamaza hadi saa nne asubuhi. Rekodi. Kisha Mama wa Mizani akaniambia nipunguze maneno. Nikamjibu, kwani si mimi ndiye redio isiyo na swichi? Akaiweka katoni chini, polepole.
"Mwanangu, maneno hayo niliyaandika. Sikumwambia mtu."
Kufika mchana, kitengo kizima kinadai bahasha zake. Fundi akampigia Dada simu.

Ijumaa, 7 Machi
Nilimshauri Dada azipeleke hivyo hivyo, nani atajua? Akaenda kumweleza mhadhiri kila kitu. Mhadhiri kasema majibu yale hayafai tena, lakini kwa kuwa kaja na ukweli mwenyewe, kamwongezea wiki mbili. Jioni Dada kasimama getini, akawaomba radhi mmoja mmoja. Mama wa Mizani akanyoosha mkono.
"Lete jingine, binti yangu, nitajaza. Ila ulichukue wewe mwenyewe. Huyo mdogo wako asisogeze hata kivuli."
Wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Jumamosi, 8 Machi
Wiki mbili za bure, na kazileta nani? Mimi! Nimemwambia Dada akishayakusanya mapya aniachie usiku mmoja, nisahihishe tahajia tu. Kafunga chumba chake kwa ufunguo.
Kilichoharibika hasa ni kimoja. Alhamisi jioni nilijiandaa kugombezwa, majibu saba tayari mdomoni. Dada hakugomba. Alikaa jikoni akazikagua bahasha zote arobaini, moja moja, akitafuta walau moja ambayo sikuigusa. Haikuwepo.