Dawa ya Nyimbo za Kijapani

Jumapili, 2 Novemba

Moyo unanienda mbio. Naandika kwenye daftari la zamani la binti yangu Taghreed, kwa Kiswahili, maana yeye kasomea Kiarabu; Kiswahili kukisema anakisema lakini kukisoma hawezi. Siri yangu salama.

Leo napanga nguo zake, nikamsikia ukumbini anazungumza na mwenzake kwenye simu. Kasema Japani angekwenda kukaa hata kesho. Japani! Mtoto ambaye akenda mji wa Adam tu kwa shangazi yake siku mbili, mimi chakula hakinipiti! Na ndiye huyo mmoja tu.

Chanzo nakijua. Wale wasichana watano wa Kijapani wanaoimba na kucheza, mmoja nywele rangi ya bizari, mmoja zambarau. Nyimbo zao asubuhi mpaka magharibi.

Nimkataze? Hapana, atazidi. Dawa ninayo. Mwaka jana nilinunua abaya kama yake, ya mikono mipana. Wiki ile ile yake hakuivaa tena! Hataki kufanana na mama. Basi na mimi nitazipenda hizo nyimbo. Nitazipenda mpaka azichukie.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimemwambia Taghreed anitilie nyimbo zake kwenye simu yangu. Kanishika kipaji cha uso, kauliza kama nina homa. Zipi, mama? Zote! Kumi na moja.

Nimejifunga kanga kiunoni, nimejifunza jikoni. Maneno sielewi hata moja. Miguu tabu, goti linalia. Lakini mkono rahisi: wanapoimba wote pamoja wanatikisa kiganja, kulia kushoto, kulia kushoto, vilevile tunavyotikisa kikombe cha kahawa tukishatosheka. Hilo nalijua tangu utotoni!

Chapati tatu zimeungua. Hood, mume wangu, kasimama mlangoni, kasema astaghfirullah, kenda zake.

Jumatano, 5 Novemba

Balaa! Leo kahawa ilikuwa kwa jirani Buthaina. Shoga yangu, lakini mdomo! Binti yake Manal kaolewa nyumba ya tatu, na kila siku lazima atwambie kuwa anamwona dirishani akianika nguo.

Kanimiminia kikombe cha kwanza. Nikanywa, na wimbo unapita kichwani. Ukafika pale pa kiganja. Mkono ukatikisika wenyewe! Kikombe cha kwanza! Kama nimesema kahawa yake hainyweki.

Buthaina kaweka birika chini. Kauliza, Bi Umkulthum, kahawa yangu leo ina nini, hiliki haitoshi au mkono wangu mchafu? Nikasema sivyo, shoga, ni Wajapani.

Ikawa mbaya zaidi.

Alhamisi, 6 Novemba

Dawa haijamshika. Leo nimempeleka chuo mwenyewe, madirisha ya gari wazi, nikaimba kwa sauti mpaka getini mbele ya wenzake. Nilitegemea ajifiche chini ya kiti. Wapi! Wenzake wakapiga makofi. Rafiki yake Wasan kaniita khalti, kama mimi mama yake mdogo, kaomba nirudie. Taghreed kacheka mpaka machozi, kanibusu kichwani mbele ya watu.

Alasiri kaniwekea ule wa polepole, kanieleza maneno yake. Mama anamsindikiza mwanawe kituo cha treni, mvua inanyesha, kila mmoja anamwambia mwenzake asilie. Treni mimi sijapata kupanda hata siku moja. Nimelia, mtandio umerowa wote. Taghreed hakuniachia mkono mpaka wimbo ukaisha.

Nikafurahi. Halafu nikaogopa, mbona nimefurahi?

Ijumaa, 7 Novemba

Buthaina kaniletea birika zima la kahawa. Kasema kajaza hiliki, ninywe mpaka nitosheke, na niwaalike Wajapani nao. Kanisimamia. Nimekunywa vikombe saba, mkono nimeukalia. Sasa moyo ndio unataka kutoka.

Jumamosi, 8 Novemba

Taghreed kanikalisha. Baba yake pembeni, macho kwenye zulia. Kumbe barua anayo wiki tatu! Kapata nafasi ya kusoma Japani, miaka miwili, safari mwezi wa tatu. Alikuwa akatae kwa ajili yangu. Ile siku ya simu alimwambia Wasan angekwenda hata kesho, lakini hawezi kumwacha mama. Hayo ya mwisho sikuyasikia! Nilikuwa nafunga kabati!

Kasema sasa kaona mama anawapenda Wajapani kuliko yeye, moyo umemtulia. Jana katia saini.

Miaka miwili! Nani atampaka mafuta ya nazi kichwani? Nani atajua kama kala?

Nikamuuliza, basi ile abaya uliiachia nini? Kasema mkono wa abaya ulibanwa na mlango wa gari, ukachanika. Ananificha tu, masikini, hataki kunivunja moyo. Dawa yangu naijua mwenyewe. Nyimbo zilikuwa kidogo, ndiyo maana.

Nimemwomba kuanzia kesho anifundishe Kijapani chenyewe. Karuka kwa furaha, kanikumbatia shingoni. Hajui kinachomngoja! Mpaka mwezi wa tatu, Japani itakuwa imemtoka kabisa.