Nilivyoisoma Mifupa ya Mto Ena kwa Sauti Kubwa

Jamani, leo nimefedheheka, na kijiji kizima kimeshuhudia. Kafyu haijaanza bado, acheni niwaambie kabla hamjasikia kwa wengine.

Asubuhi wanawake wameshuka mtoni kuteka maji, gadi wa serikali nyuma yao na bunduki. Nikasikia yowe. Gunia limekwama kwenye mawe, limepasuka, na mifupa imetapakaa majini!

"Ni ya mtu!" mmoja akalia. "Ni ya Ireri!"

Ireri ni gadi wa hapa kwetu Kianjokoma. Alitoka jana na hakurudi, na fisi wa huku humaliza mtu usiku mmoja. Sasa mnajua siku hizi za hali ya hatari zilivyo. Mifupa ya gadi ikipatikana mtoni, kijiji kinafungwa. Hakuna kwenda shamba, hakuna maji, na wanaume wanabebwa kwenye lori.

Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, akafika na gari lake, uso mwekundu kama nyanya. Tukatolewa vibandani sote, tukachuchumaa kando ya mto. Watoto walijibanza kwa mama zao bila kuambiwa.

"Iko mtu najua mifupa hapa?" Bwana akauliza.

Nikasimama. (Nani alinituma? Hakuna.) Mimi ndiye mkaguzi wa nyama, nina muhuri na koti jeupe. Isitoshe, Wanja alikuwa pale, amechuchumaa karibu na baba yake, Mzee Njeru. Wanja ndiye ninayetaka kumwoa, na mzee hajaamua kama mtu wa Meru kama mimi anafaa. Nikaona leo ndiyo leo.

Nikaokota mfupa wa paja, nikaugeuza, nikaunusa. (Kunusa hakusaidii chochote. Nilitaka tu nionekane.)

"Ng'ombe, Bwana!"

Wee! Kijiji kizima kilishusha pumzi. Mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Wanja akanitazama, akatabasamu.

Hapo ndipo ningeketi. Mtu mwenye akili angeketi.

"Tena ni fahali, Bwana," nikaendelea. "Mchanga, mwenye afya. Hakufa kwa ugonjwa, wala fisi hakumgusa. Amechinjwa! Tazama alama za shoka hapa. Zote zimelalia upande mmoja. Aliyemkata ni mashoto!"



Nikangoja kupigiwa makofi. Badala yake nikaona watu wote wanatazama chini, kama wanaotafuta sindano. Halafu nikamwona Mzee Njeru. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mkono wa kushoto. Polepole, bila kutikisa bega, akaihamishia kulia.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokumbuka. Kijiji chetu kina mashoto mmoja tu! Na ng'ombe akichinjwa kwa siri siku hizi, hakuna anayeuliza kama kulikuwa na harusi. Wanauliza nani aliwapelekea nyama wapiganaji wa msituni. Huko ni kizuizini moja kwa moja, kama si kamba ya kunyongwa.

Bwana Shauri akasogea. "Mashoto? Nani hapa iko mashoto?"

"Bwana," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mbuzi, "nimekosea. Nimeushika juu chini."

"Basi iko mkono ya kulia?"

"Hapana, Bwana. Si shoka kabisa. Ni... ni meno."

"Meno ya nini?"

Nikatafuta mnyama. Wanyama wote niliowajua walinikimbia kichwani.

"Mamba."

"Mamba? Hapa? Maji baridi kama hii?"

Gadi mmoja akakohoa. Mwingine akageuka akatazama miti. Bwana akaokota ubavu, akanisukumia puani. "Na hii?"

"Huo ni... mguu, Bwana."

"Mguu ya nini?"

"Mbuni."

Kicheko kikalipuka! Kijiji kizima, watu ambao hawajacheka tangu serikali iwazungushie handaki, wakacheka mpaka wakaegemeana. Kina mama wakajipangusa machozi kwa leso. Mimi nimesimama katikati na koti jeupe, nimekumbatia paja la ng'ombe kama mtoto mchanga.

Bwana hakucheka. "Mpumbavu hii ndiyo nakagua nyama yangu? Sasa nani nasema kweli? Iko ng'ombe ao iko mtu?"

Kicheko kikakatika. Jamani, nilikuwa nimewaokoa, na sasa nimewatumbukiza tena!

Wanja akainuka. Hakuomba ruhusa. Akaingia mtoni mpaka mapajani, akainama nyuma ya jiwe kubwa, akavuta fuvu lenye pembe mbili.

"Bwana," akasema kwa adabu, "Ireri hakuwa na pembe."

(Alijuaje kwamba fuvu liko nyuma ya jiwe lile? Sikuuliza. Leo nimeshaongea vya kutosha.)

Bwana akatema mate, akapiga fuvu teke likarudi majini. Hapo hapo gadi akaja mbio kusema Ireri amerudi, alilala kwa mke wake wa pili, kichwa kinamuuma. Habari ya shoka na mashoto Bwana hakuiuliza tena; nani angemwamini mtu wa mbuni? Akaingia garini. Kabla hajaondoka akanyoosha kidole kwangu: muhuri nirudishe, na kuanzia kesho nichimbe handaki na kina mama.

Watu wakatawanyika, wengine wakiita "Mbuni!" Hata sasa nawasikia huko nje. Mzee Njeru alikuwa wa mwisho kupanda ukingo kurudi kijijini. Akapita karibu nami, akasimama, hakunitazama.

"Kijana," akanong'ona, "ukipata mfupa mwingine, usome kimoyomoyo."

Halafu akasema nije kwake Jumapili tunywe uji, na Wanja ndiye atakayeupika.

Kwa hiyo tafadhali msinicheke. Au chekeni, lakini aliye na jembe jepesi aniazime.