Darasa Langu la Hesabu Nisizozijua

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Nilifeli hesabu. Basi, nimeandika. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Hata nikiwa peke yangu bafuni sijawahi kulitamka. Matokeo yalipotoka mwaka jana nilimwonyesha Mama karatasi nikiwa nimeishika mwenyewe, kidole gumba juu ya mstari wa hesabu. Mama akasoma masomo yaliyobaki, akafuta machozi kwa kipande cha bitana, akasema nimemtoa kimasomaso. Kidole kiliniuma siku nzima.

Sasa maji yamefika shingoni. Chuo cha uuguzi kimenipa nafasi ya Januari kwa sharti moja: nifaulu hesabu kabla ya hapo. Nimejiandikisha kimyakimya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Jumatatu ijayo. Nikifeli tena, nafasi inakwenda kwa mwingine, na Mama atajua kwamba nilifeli mara mbili na kudanganya katikati.

Nimejisomea miezi mitatu. Ninachokijua vizuri ni jalada la kitabu.

Leo, bahati! Mama ni fundi cherehani, na mdomo wake una kasi kuliko mashine. Alimwambia mteja kwamba binti yake hesabu anazitafuna kama karanga. Mteja ana mtoto wa kidato cha nne. Mteja wa pili, aliyekuwa anapimwa kiuno, naye anaye. Kufika jioni nina wanafunzi watatu, kuanzia kesho saa tisa, hapahapa kwenye chumba cha kushonea. Mimi sikuulizwa. Mimi ni mtu wa kuangalia sakafu, na watu wa aina yangu huwa hawaulizwi.

Nilitaka kukataa. Kisha wazo likanijia nikiwa napiga pasi kola. Watoto hao wanafanya mtihani uleule. Wamekaa darasani mwaka mzima. Kwa nini niwafundishe, wakati wao wanaweza kunifundisha bila kujua?

Kola imeungua kidogo. Si kitu.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Mbinu imefanya kazi. Naandika mbio kwa furaha, mwandiko usamehewe.

Walikuja watatu. Msichana mmoja ni mrefu, amenyooka, na akikaa hagusi mgongo wa kiti. Wenzake wanamwita Rula. Mvulana anaitwa Kipaza. Akinong'ona, cherehani zinatikisika. Wa tatu ni msichana anayeitwa Taratibu. Nilimkaribisha akiwa mlangoni, na alipofika kwenye kiti sisi tulishafungua vitabu.

Nilitangaza kanuni huku nikiitazama meza ya kukatia. Nikasema hapa mwalimu hafundishi. Mwanafunzi ndiye anayefundisha, na mwalimu anajifanya hajui kitu. Anayeweza kumweleza mjinga akaelewa, huyo ndiye anayejua.

Rula akasema hiyo ni mbinu nzuri sana, hata shuleni kwao hawana. Niliona haya mpaka masikioni.

Kipaza akanieleza asilimia. Nikamuuliza kwa nini tunagawa kwa mia. Akaeleza tena. Nikamuuliza mia imetoka wapi. Akaeleza mara ya tatu, kwa sauti iliyomtoa jirani nje. Nikaelewa! Miaka minne mwalimu wangu alihangaika, Kipaza kamaliza kwa dakika ishirini. Mwishoni akaniambia, "Dada, unajua kuigiza. Uso wako ulikuwa wa mtu asiyejua kabisa."

Nikamshukuru.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Rula hakuja, alikuwa na miadi ya meno. Tukafanya mabano, Kipaza akiwa mwalimu. Akasema ukiwa na x jumlisha tatu ndani ya mabano, na yote yamepigwa mraba, unaipiga x mraba, unaipiga tatu mraba, unajumlisha, umemaliza. Safi, fupi, inaingia akilini. Nikatikisa kichwa kukubali. Taratibu aliponiona nimekubali, akaandika kwa wino.

Nimefanya maswali ishirini ya namna hiyo kabla ya chakula cha jioni. Hesabu ni tamu, jamani. Kumbe nilikuwa nimekosa mtu wa kunielewesha tu.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Balaa.

Hatuna ubao. Juu ya meza kulikuwa kumetandikwa kitambaa cha buluu iliyokoza, mita tatu na nusu, cha suti ya mkuu wa posta. Chaki ya fundi ilikuwa pale, nyeupe. Kitambaa cha rangi nzito, chaki nyeupe. Nani asingefikiria ubao? Rula akapima kwa tepu, akachora pembetatu: sentimita sitini, themanini, mia moja. Kazi safi. Akanieleza upande mrefu unavyopatikana, nikaelewa mara ya kwanza. Nilifurahi hata nikawaruhusu waende mapema, na sikukumbuka kupangusa.

Mama akarudi kutoka kupeleka nguo za watu. Akaona mstari. Fundi haiulizi chaki ilitoka wapi. Akashika mkasi akakata.

Alipozimaliza pembe zote tatu ndipo akasimama, pembetatu mkononi. Akauliza ni kiungo gani cha mkuu wa posta chenye ncha tatu.

Nilipaswa kusema ukweli. Nikasema ni somo la hesabu za mavazi, na kwamba kesho wanafunzi wangu watatengeneza mpangilio mpya wa kukata ambao hautapoteza hata uzi. Mama akaweka mkasi mezani. Akasema mkuu wa posta anakuja Jumamosi kujaribu, na kitambaa cha rangi ile dukani kimekwisha. Akaongeza, "Mwanangu, kesho ndiyo nitajua kama nilikusomesha au nilikulipia kivuli."

Sijala vizuri.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Nimeokoka! Tumeokoka sote, na mkuu wa posta pia, ingawa hajui alikuwa hatarini.

Niliwaambia watatu wale kwamba nimewapangia jaribio la vitendo. Kwanza tutafute tumepoteza eneo kiasi gani. Nikajitia kimbelembele, nikazidisha sitini kwa themanini, nikamtangazia Mama kwamba zimekwenda sentimita za mraba elfu nne na mia nane. Mama akashika kichwa. Rula akaniuliza kwa heshima nusu iko wapi. Pembetatu ni nusu ya mstatili wake, Dada. Nikasema nusu niliiacha makusudi, nione nani yuko macho. Zimekwenda elfu mbili na mia nne tu. Mama akaachia kichwa.

Nusu hiyo sitaisahau hadi kufa. Nimeiona ikimrudishia mama yangu pumzi.

Halafu Taratibu. Kipaza alikuwa anataka tuifanye suti iwe ya mikono mifupi. Taratibu akasogea mezani. Akachukua vielelezo vya karatasi, mgongo, mikono, miguu ya suruali, akaanza kuvizungusha juu ya kitambaa. Akavizungusha saa nzima na robo. Kipaza akalala kwenye kikapu cha nguo. Mwisho akainua mikono, na kila kipande kilikuwa kimekaa mahali pake, miguu ya suruali imelala kichwa mkiani. Ile pembetatu ikatoa mifuko ya ndani. Mama akaizunguka meza mara mbili. Akasema huyu mtoto ana jicho la fundi. Kisha akanigeukia akasema, na mwalimu wake ana moyo wa chuma.

Nilikunywa sifa hizo zote. Sikubakiza tone.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Mama alishona usiku kucha. Asubuhi mkuu wa posta alivaa, akajigeuza kwenye kioo, akasema inamkaa vizuri kuliko suti zake zote.

Alasiri mambo yakageuka. Tulifanya mtihani wa majaribio. Rula akasahihisha. Akasema mimi, Kipaza na Taratibu tumekosa maswali yote ya mabano, na tumekosa kwa namna moja. Kipaza akasema Dada mwenyewe alikubali. Rula akaandika pole pole: weka moja mahali pa x. Moja na tatu ni nne, nne mraba ni kumi na sita. Sasa njia yenu: moja jumlisha tisa ni kumi. Akaniuliza zile sita zimekwenda wapi.

Nikashika pasi, nikapiga kola iliyokwisha kupigwa.

Nikasema ulikuwa mtego.

Rula akasema, "Mtego wa siku tatu, Dada?"

Nikasema mtego mzuri haunasi kwa haraka. Taratibu akatazama daftari lake, kurasa sita za wino. Akatazama juu. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Kama si Rula, ningempeleka mtoto wa watu mtihanini na kurasa sita za uongo kwa sababu niliogopa kusema sijui. Nikamwomba Rula atufundishe upya. Kila kilichomo bano la kwanza kinamsalimia kila kilichomo bano la pili, hakuna anayepitwa. Zile sita ni za watu waliokuwa hawajasalimiwa: x mara tatu, na tatu mara x.

Nimelifanya mara arobaini. Nimemnakilia Taratibu kurasa sita mpya kwa mkono wangu. Nimeapa: kuanzia leo, nisipojua nitasema sijui.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Nilikwenda kuangalia orodha ya vyumba vya mtihani. Watahiniwa wa kujitegemea tumewekwa shule ileile ya watatu wangu. Ukumbi uleule. Mstari wa nyuma yao.

Mbinu ya kwanza: kuugua. Haifai, mtihani ndio ninaoutaka. Mbinu ya pili: kuwaambia ukweli. Nimeiruka. Mbinu ya tatu: koti refu la Mama, kitambaa kichwani, na miwani yake ya kutungia uzi. Nimejaribu mbele ya kioo. Nafanana na mkaguzi wa mabasi aliyestaafu. Mimi mwenyewe sikujitambua!

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Miwani ilinifanya niingie kwenye foleni ya wavulana. Nikatolewa. Msimamizi akasoma namba yangu na majina yangu yote matatu kwa sauti. Mbele yangu shingo moja ikageuka.

"Dada!" Hiyo ilikuwa ya Kipaza. Nadhani hata mkuu wa posta ameisikia huko posta.

Foleni nzima ikageuka. Nikavua miwani. Nikafungua mdomo kusema ukweli, naapa. Lakini Taratibu, ambaye hajawahi kumtangulia mtu kwa neno, akanitangulia. Akasema, "Amejiandikisha ili akae na sisi. Tusiogope."

Rula akanitazama, macho yakamlowa. Akainamisha kichwa, yeye asiyepinda. Kipaza akawatangazia wengine kwamba mwalimu wao amekubali kufanya mtihani upya kwa ajili yao, na je, wao mwalimu wao yuko wapi?

Sikukanusha. Kengele ililia, na kengele ikilia si wakati wa kujieleza.

Karatasi ilikuwa ngumu. Hakukuwa na mtu wa kunieleza, kwa hiyo nikajieleza mwenyewe, kwa kunong'ona, nikijiuliza maswali ya kijinga mpaka nikajijibu. Msimamizi akaja akaniinamia, "Binti, leo hapa hafundishwi mtu." Nikaendelea kwa midomo tu. Nilimaliza maswali tisa kati ya kumi. Nilitoka mikono imejaa wino na moyo unapiga kama cherehani ya umeme.

Ijumaa, tarehe 12 Desemba

Nimefaulu!

Si kwa kutisha. Nimepata C. Lakini C inafungua mlango wa chuo cha uuguzi, nimekwishapeleka karatasi, nimeishika pembeni, bila kidole gumba kufunika mstari wowote. Rula amepata A. Kipaza amepata B. Taratibu amepata B, na Mama amemwomba awe anakuja likizo kupanga vitambaa.

Walikuja wote watatu kunishukuru. Kipaza aliona alama yangu akanyamaza, jambo geni. Kisha akasema ameelewa: nimejishusha makusudi, ili wao wang'are. Mama akasema ndivyo nilivyolelewa. Wakanitazama wote wanne kwa upendo mwingi hata nikatafuta sakafu.

Hapo ndipo pa kusema. Neno moja tu, sijui. Nilikuwa nimeapa.

Mlangoni akasimama mama yake Kipaza. Akauliza kama katika wiki chache kabla sijaenda chuo naweza kumsaidia mdogo wake Kipaza na wenzake saba fizikia. Fizikia niliiacha kidato cha pili, tukiwa bado kwenye vipimo. Mama akajibu kabla yangu kwamba fizikia kwangu ni kama kupuliza majivu.

Nimesema Jumatatu, saa tisa. Waje na vitabu vyao.

Na wewe uliyelifungua daftari hili, sijui umelipataje, lakini umeshasoma, basi tuelewane. Lifunge. Lirudishe chini ya mabaki ya vitambaa, upande uleule. Mama akikuuliza, hujui kusoma mwandiko wangu. Kipaza hasa, tafadhali, asijue. Nakuomba.